Maputo ya Baba Nimesh

Jumatatu, 18 Agosti

Daftari hili halikuwa wazo langu. Ni la Phineas, kijana wa mazoezi ya viungo anayekuja kila Jumatatu asubuhi. Kaniletea leo pamoja na kalamu, akasema, "Mama Nimesh, kila jioni uniandikie Mzee Rasik amefanya nini na ule mkono wa kulia. Mimi nitakuwa nasoma." Nikamuuliza niandike kwa lugha gani, maana Kigujarati hakijui na Kiingereza changu ni cha kuuzia watalii vitambaa tu. Akacheka. Basi, Kiswahili, ambacho ndicho ninachotumia kugombana kila siku.

Haya, Phineas. Baba Nimesh alipatwa na kiharusi mwezi wa tano. Mguu umerudi, ulimi umerudi na maneno yake yote, mkono wa kulia ndio haujaamua. Mwezi wa saba mwanetu Nimesh alikuja kutoka Nairobi akamkuta babake kanyoosha mikono kama mtoto, mimi namvalisha shati. Tukala mpaka chakula kikaisha. Kisha akasema: mpaka Diwali, sikukuu yetu ya mwezi wa kumi. Ikifika Diwali na Baba hawezi kufunga vifungo kwa mkono wake, nyumba hii tunaipangisha na nyinyi wawili mnahamia kwangu. Anakaa ghorofa ya saba. Anatupenda, hilo sikatai. Lakini mimi nimezaliwa Malindi, nimeolewa Malindi, na katika nyumba hii nina miaka arobaini na sita. Huko ghorofa ya saba nitamwambia nani kwamba maji ya leo yana chumvi?

Alipoondoka alituachia gemu yake ya zamani. Chini ya televisheni unaweka kijiti cheusi, mgonjwa anashika rimoti, na kwenye skrini unatokea mkono mweupe unaokwenda anakouelekeza. Maputo hamsini yanapaa, naye ayalenge na kubonyeza. Phineas anasema ni dawa kuliko kubinya mpira.

Leo kapasua tisa.

Jumatano, 20 Agosti

Kumi na nne. Upepo mkali, vumbi hadi kwenye sukari.

Jumatatu, 25 Agosti

Ishirini na mbili. Phineas kafurahi mpaka akala bhajia tano. Nilidhani ni mtoto tu mwenye shati la kupiga pasi, lakini ana mikono ya upole. Kabla hajamgusa mgonjwa huomba ruhusa.

Jumamosi, 30 Agosti

Thelathini na moja! Na kifungo kimoja cha shati, cha chini kabisa. Kimemchukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa, lakini kakifunga. Nimempigia Nimesh. Kasema, "Vizuri, Mama, bado sita."

Jumatatu, 1 Septemba

Phineas kabadilisha ratiba. Asubuhi Baba Nimesh atatembea na jirani yetu Seif mpaka sokoni na kurudi, kwa ajili ya mguu. Gemu itakuwa jioni, saa kumi na mbili na nusu. Seif alikuwa fundi cherehani miaka yote, sasa kastaafu na hana wa kumpima, kwa hiyo anampima Baba Nimesh hatua.

Jioni: kumi na saba. Uchovu wa kutembea, bila shaka.

Jumanne, 2 Septemba

Kumi na tano. Nimetia betri mpya.

Jumatano, 3 Septemba

Kumi na mbili. Mkono ule mweupe unatetemeka, unaruka pembeni, unarudi. Nimefunga mapazia kwa kuwa mwanga wa jioni huingia dirishani. Haikusaidia. Baba Nimesh kautazama mkono wake halisi kwa muda mrefu, akauweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

Alhamisi, 4 Septemba

Kila Alhamisi huenda Watamu kwa binti yetu Toral, kumsaidia na mtoto. Seif alibaki na Baba Nimesh. Niliporudi giza limeshaingia, nikaambiwa: thelathini na tatu! Nimegawa peremende kwa watoto wa nyumba ya chini.

Ijumaa, 5 Septemba

Kumi na tatu.

Jumatatu, 8 Septemba

Phineas kampima nguvu za kiganja kwa kile kifaa chake. Zimeongezeka. Akasoma hesabu zangu, akakuna kichwa. "Mama Nimesh, mkono unapanda, maputo yanashuka. Sielewi." Yeye huja asubuhi, jioni hajaiona.

Mimi silali bila kufanya kitu. Mandir yetu ya nyumbani, lile kabati dogo la mbao lenye miungu, iko sebuleni kando ya televisheni, kwa sababu hiyo ndiyo kona ya kaskazini mashariki na kona haihamishwi. Kila jua likitua huwasha taa ya samli na kuomba. Kuanzia leo nimeongeza ya pili, kwa ajili ya mkono tu.

Jioni: kumi na moja.

Alhamisi, 11 Septemba

Watamu. Thelathini na sita mbele ya Seif. Toral kasema, "Mama, njoo uhamie kwangu, Baba apone." Alikuwa anatania.

Ijumaa, 12 Septemba

Phineas, ukurasa huu uruke. Si wa hospitali.

Leo maputo kumi. Nimerudi nyuma kurasa zote nikahesabu. Siku ninazokuwepo jioni, Baba Nimesh anashindwa. Siku nisizokuwepo, anashinda. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine: chakula, mwezi, umeme. Hakuna. Tofauti ya Alhamisi na siku nyingine ni mimi.

Mchana nilimwambia Mahfudha, mke wa Seif, shoga yangu tangu tukiwa na meno yote. Kacheka mpaka akashika ukuta. "Akikuona moyo unamdunda, shoga! Mzee bado ana mambo!" Nikacheka naye. Nilipofika jikoni nikalia, vitunguu vikapata lawama. Miaka arobaini na sita nimempikia, nimekaa naye dukani, nimemlea na homa zake. Sasa mkono wake wenyewe unanikimbia. Wako watu wenye nuksi, nimewahi kuwasikia wakisemwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na nuksi asijijue.

Jumatatu, 15 Septemba

Kumi na mbili. Manyunyu kidogo, ya kulowesha nguo za kwenye kamba tu.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo nilirudi mapema kidogo. Nikiwa ngazini nilisikia vicheko, Seif anahesabu kwa sauti, "Thelathini na nane! Thelathini na tisa! Rasik, utaua!" Nikaingia nimejaa furaha. Kwa kuwa jua lilishatua na sijaomba, nilikwenda moja kwa moja kuwasha taa, nikawaambia, "Endeleeni, endeleeni."

Mkono mweupe ukaruka. Puto likapita, na jingine, na jingine. Baba Nimesh akaangalia taa, akaniangalia mimi. Seif akafungua mdomo. Baba Nimesh akamkanyaga mguu, nimeona kwa macho yangu, kisha akasema, "Nimechoka, Seif. Tuzime."

Nimeingia tu chumbani, na mume wangu kakosa nguvu. Sasa hata Seif kaliona.

Ijumaa, 19 Septemba

"Leo sitaki kucheza, Kanta." Ndivyo alivyosema, kwa upole, na upole wake umeniuma kuliko angenikaripia. Nimetoa taa kubwa ya shaba, yenye tambi tano.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo Navratri, masiku tisa ya Mama, mungu wetu wa kike. Nimeweka nadhiri: taa isiyozimika. Itawaka siku zote tisa, usiku na mchana, haizimwi wala haisogezwi, na mimi sitoki, siendi Watamu, nafunga kwa viazi na karanga. Nimemwomba Mama autulize mkono, na kama kweli tatizo ni mimi, anionyeshe waziwazi.

Phineas kaja, kasoma daftari, akanirudishia. Mlangoni akageuka. "Mama Nimesh, ule ukurasa sijausoma. Ila wewe si nuksi." Nimemfungia bhajia za kula njiani.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemlazimisha Baba Nimesh acheze. Nane.

Nimesh kapiga simu. "Baba amefika ngapi sasa?" Nikasema ishirini na tisa. Mungu anisamehe, na taa ya nadhiri ikinitazama. Akasema kuna mtu anataka kuja kuiona nyumba, kuiona tu, Mama, usiwe na wasiwasi. Nilipokata simu nikatembea chumba hadi chumba nikigusa milango.

Ijumaa, 26 Septemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, Phineas, na huu usiuruke.

Jioni, Baba Nimesh kwenye kiti chake na rimoti mkononi kwa ajili ya kuniridhisha tu, mlango ukagongwa. Mahfudha kaingia na chetezo cha makaa mekundu, udi na ubani vinafuka, na nyuma yake Seif, anaonekana kama mtu aliyekokotwa.

"Shoga, hili si la hospitali peke yake," kasema Mahfudha. "Mzee Rasik kapigwa jicho. Watu wanamwona kila asubuhi sokoni anatembea kama kijana, wanamsifu, na mashallah hawasemi. Nimekuja kumfukiza."

"Fukiza, dada," kasema Baba Nimesh. "Harufu nzuri haikatazwi."

Akamzunguka mara tatu akisoma yake kimoyomoyo. Akafukiza mapazia, akafukiza kiti, kisha akaelekea kwenye televisheni.

"Mahfudha," kasema Seif, "hapo usikiweke. Kiweke mbali na hiyo televisheni."

"Mbali kwa nini? Jicho si limeingilia hapo hapo?"

Seif akakohoa. Mahfudha akakiweka chetezo chini ya televisheni, ubavuni mwa kile kijiti cheusi. Mkono mweupe ukaruka mpaka ukingoni mwa skrini. Mahfudha akapiga ukelele, akakivuta chetezo kushoto. Mkono ukaenda upande mwingine. Akakirudisha kulia, mkono nao ukarudi.

"Kanta! Njoo uone maajabu! Mkono huu unachezeshwa na makaa yangu!"

Baba Nimesh alikuwa kaishika rimoti imetulia kabisa. Nimeitazama ile rimoti, nikaitazama tena. Haikutikisika hata chembe.

Hapo nikageuza macho polepole. Hatua moja kutoka kwenye kijiti, katika kona yake ya kaskazini mashariki, taa yangu ya nadhiri inawaka kwa tambi zake tano.

Nilikimbia jikoni. Kitabu cha maelezo ya gemu nilikuwa nimekifanya kifuniko cha debe la unga. Sikuhitaji hata kukisoma: ukurasa wa nane una picha ya mshumaa, ya balbu na ya jua, vyote vimepigwa alama ya X. Seif akavaa miwani akatusomea. Kijiti kinatoa mwanga ambao sisi hatuuoni ila rimoti inauona, ndio unaoiongoza. Ikiona moto karibu yake, inadhani nao ni kijiti, inapotea. Alisoma haraka sana, kwa mtu anayekisoma kwa mara ya kwanza.

Niliketi chini. Karibu mwezi mzima nimekuwa nikimwombea mume wangu mkono, na kila alipozidi kushindwa nikaongeza utambi, na kila nilipoongeza utambi akazidi kushindwa. Alhamisi sikuwepo, taa haikuwashwa, basi. Si mimi. Si mimi! Nikacheka, nikalia, Mahfudha kanishika bega bila kujua anishikie kipi.

Baba Nimesh hakushangaa sana. Alikuwa ananitazama tu. Nadhani ni uchovu.

Jumamosi, 27 Septemba

Sasa shida nyingine. Taa ya nadhiri haizimwi wala haisogezwi mpaka siku ya tisa iishe. Televisheni nayo Nimesh aliikaza ukutani kwa skrubu nane, kama vile ingetoroka. Seif kaleta kipande cha boksi cha kukingia mwanga, nikamwambia boksi na moto si ndugu.

Nikakunja pindo la sari, nikachukua kigoda, nikakaa mwenyewe katikati, mgongo kwa taa na uso kwa Baba Nimesh. Nimekuwa ukuta.

"Usitikisike, Kanta," kasema.

"Cheza wewe. Ukuta hausemeshwi."

Maputo arobaini na moja. Ningeweza kukaa pale mpaka asubuhi. Sikumbuki mara ya mwisho tulipotazamana hivyo, kwa muda wote huo, bila mmoja wetu kuwa anatafuta miwani.

Alhamisi, 2 Oktoba

Navratri imekwisha, taa ya nadhiri imemaliza siku zake. Tangu leo gemu kwanza, taa baadaye. Arobaini na tatu. Vifungo vitatu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Arobaini na nne. Akimaliza gemu haondoki kwenda barazani kama zamani. Hubaki kwenye kiti mpaka nimalize kuomba. Anangoja chai, najua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Vifungo vitano. Phineas kasema wiki ijayo ataanza kuja mara moja kwa mwezi. Nimehuzunika kidogo, nikamwambia bhajia hazitapungua. Joto limeanza, hakuna hata jani linalotikisika.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana ilikuwa Diwali, sikuwa na mkono wa kuandika.

Nimesh alifika asubuhi. Kakagua nyumba kama mnunuzi: mabomba, paa, ngazi. Jioni tukapanga taa, za udongo, ishirini na moja, dirishani, kwenye mandir, mezani, na taa ndogondogo za waya juu ya televisheni, alizozitundika Nimesh mwenyewe. Seif na Mahfudha wakaja na halua. Nyumba iling'aa, na mimi nilikuwa nimechoka hata akili ikalala.

Ndipo Nimesh akawasha gemu. "Haya, Baba, nionyeshe hayo arobaini na nne."

Mimi nilikuwa jikoni. Niliposikia ule mlio wa kuanza, nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikakimbia. Nilichelewa. Mkono mweupe ulikuwa unarukaruka skrini nzima. Puto la kwanza likapita. La kumi likapita. Katika uso wa Nimesh nikaona masanduku yetu yamefungwa. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni taa, ni taa, lakini nani angeniamini? Nilishamdanganya kuhusu ishirini na tisa. Kila mama angesema ni taa.

Baba Nimesh akaiweka rimoti kando, taratibu. "Hiki kidude hakijui Diwali," kasema. "Nimesh, njoo hapa."

Nimesh alikuwa kavaa kurta mpya, yenye vifungo vidogo kama punje za mtama mpaka shingoni, na nusu alikuwa kaviacha wazi kwa uvivu. Akasogea, akapiga magoti mbele ya kiti. Baba Nimesh akanyoosha mkono wa kulia, ule ule, akaanza kumfunga vifungo. Kimoja. Cha pili. Kifungo cha tano kilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu kikaingia. Akafika cha juu kabisa, akakifunga, akamnyoosha mwanawe kola, akampiga kofi dogo la shavuni.

"Mtu mzima anatembea kifua wazi siku ya Diwali," kasema. "Ati anataka kunitunza mimi."

Nimesh alibaki pale pale kapiga magoti, paji la uso kwenye goti la babake. Baadaye alitoka barazani na simu, nikamsikia anamwambia mtu kwamba nyumba haipangishwi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimesh kaondoka asubuhi. Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha, ya kweli safari hii. Watamu sikwenda.

Mchana tukiwa tunakunywa chai, Seif kateleza ulimi. Tulikuwa tunacheka juu ya chetezo, akasema, "Na mimi na Rasik tulivyobana siri ile wiki nzima!"

Kikombe changu kikasimama. "Siri gani?"

Seif akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua. Kwenye mvua!

Nikamgeukia Baba Nimesh. Kakiri yote. Alijua tangu ile Alhamisi niliyorudi mapema nikawasha taa mbele yao. Aliona mkono unaruka pale pale kiberiti kilipowaka. Tangu siku hiyo mpaka nilipoweka nadhiri alikuwa akicheza mchana kila nilipokwenda sokoni, na jioni ananiambia hataki.

Nimekasirika kama sijawahi kukasirika mwaka huu. Nimemwambia kwamba nilijiona nuksi, kwamba nililia jikoni, kwamba tulikaribia kuhamishwa, naye ananitazama tu na taa yangu ya tambi tano! Neno moja tu, "Kanta, zima taa." Lingekugharimu nini?

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Hilo la nuksi sikulijua, Kanta. Ningelijua, ningekwambia siku ile ile. Nisamehe." Akasogeza kikombe chake. "Lakini kuizima, hapana. Katika miaka arobaini na sita hujawahi kunitaja jina."

Ni kweli. Sisi tulivyolelewa, mke hamtaji mume. Mama yangu hakumtaja baba yangu mpaka kufa kwake. Lakini mbele ya Mungu nifanyeje? Kina Baba Nimesh wako wengi duniani. Tangu mwezi wa tano, kila jioni nikiwasha taa, nimekuwa nikilitaja jina lake kwa kunong'ona, ili Mungu asikosee nyumba. Sikujua kwamba mtu aliyeketi kwenye kile kiti anasikia.

"Kila jioni mara moja," kasema. "Halafu nikwambie uizime, kwa ajili ya maputo?"

Nimemwondolea kikombe, nimeenda jikoni, nimeosha kikombe hicho kimoja kwa muda mrefu.

Jioni hii kacheza, arobaini na sita. Kisha nikawasha taa nikaomba, na safari hii sikunong'ona. Rasik alizima televisheni ili asikie vizuri.